Jina la Jumapili Alasiri

Sogea karibu unisikilize, wewe unayetaka kujua kwa nini waimbaji hawapandi jukwaani na majina waliyopewa na wazazi wao. Wengi hulijibu swali lako haraka. Wanasema ni majivuno, au kwamba jina la nyumbani halipendezi likitangazwa. Mimi nitalijibu polepole, kwa sababu niliwahi kuwa na jina la namna hiyo kwa miaka miwili, Bukavu, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, na nusura linikoseshe ndoa yangu. Majina yenyewe sitayataja, langu wala la mtu mwingine. Usijali, watu ni wachache na hutapotea.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya misheni, Kadutu. Shule ilinipa nyumba ya vyumba viwili, na Padri aliyesimamia shule ndiye aliyesimamia nyumba. Yeye ndiye aliyeandika kwenye kitabu changu cha kazi, na barua yake ndiyo iliyokupa ruhusa ya kusafiri, maana siku hizo mtu mweusi hakutoka mjini hivi hivi kwenda anakotaka. Kanuni za walimu zilibandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na mojawapo ilisema mwalimu haonekani baa. Ukionekana, unarudisha funguo za nyumba kabla ya Jumamosi.

Na mimi nilipenda kuimba. Si nyimbo za kanisani peke yake, ingawa hizo pia nilizipenda.

Kulikuwa na baa moja iliyozungushiwa uzio wa matete, kwenye njia ya kupanda Cimpunda. Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, dansi lilianza, na lilikwisha jua likizama. Tulikuwa watatu. Mpiga gitaa alikuwa fundi wa magari. Jina lake la nyumbani lilikuwa la babu yake marehemu, na kwao jina la marehemu halipigiwi kelele mahali bia inapomwagika, kwa hiyo alijipa jina la lori. Aliyepiga besi alikuwa mtumishi wa jikoni kwa wazungu wa Nyalukemba, na hakutaka jina ambalo bibi wa nyumba alimwitia supu liwe ndilo wanawake wanamwitia dansi. Unaona? Kila mmoja alikuwa na kitu cha kulinda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajivuna. Hata mji wenyewe ulikuwa umeishi hivyo miaka mingi, kwenye barua ukiitwa kwa jina la afisa mmoja wa Kibelgiji, midomoni mwetu ukiwa Bukavu tu.

Mimi nililinda nyumba yangu na kazi yangu. Mwenye baa, dereva mstaafu mwenye tumbo kubwa, alinitafutia jina, akalichora kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa mlangoni. Alinipa pia kofia na miwani nyeusi. Nilipovivaa niliona nimefichika kabisa.

Wimbo uliopendwa kuliko yote niliutunga mwenyewe. Ulikuwa wa mtu aliyekuja Bukavu kufanya kazi, ambaye hapewi karatasi ya kumleta mke wake mjini. Mtu huyo anasema mke wake yuko Minova na watoto wawili, kila lori linalotoka Bukavu analikimbilia barabarani, na kila mara ni mwanaume mwingine anayeshuka. Niliuimba kwa "mimi". Mke wangu yuko Minova, niliimba, na wanaume wenye mikono ya grisi waliacha kucheza wakasimama.

Sikuwa na mke Minova. Nilipita huko mara moja tu, nikiwapeleka wanafunzi shule nyingine, nikamwona mwanamke amesimama kando ya barabara akitazama watu wakishuka kwenye lori. Alimtazama kila mmoja mpaka wa mwisho, kisha akarudi kwenye maharage yake yaliyoanikwa. Basi, ni hilo tu.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa binti wa katekista, akijifunza kushona kwa masista, msichana mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Baba yake alinipenda kwa sababu nilikuwa mwalimu. Kuhusu Jumapili alasiri sikumwambia baba, na binti sikumwambia pia. Nilimwambia nasahihisha madaftari. Nilijidanganya kwamba namkinga: asichokijua hakitamfanya amdanganye baba yake.

Ndoa ya kanisani, kama unavyojua, hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Padri husoma majina ya wachumba, ya wazazi wao na ya vijiji vyao, kisha huwaambia watu kwamba anayejua kizuizi anawajibika kukisema, na kwamba kunyamaza ni dhambi. Jumapili ya kwanza tulitangazwa, watu wakatugeukia wakatabasamu. Alasiri nikaenda kuimba.

Jumapili ya pili mzee aliyezoea kuanzisha nyimbo kanisani alikuwa mgonjwa. Padri akaniashiria kwa kidevu. Mimi siku zote niliimba katikati ya wanafunzi wangu, sauti yangu ikiwa imezama ndani ya zao. Siku hiyo nilianzisha peke yangu, ubeti mzima, na kwa kuwa nilikuwa na furaha ya kutangazwa, sikujizuia.

Nje ya uzio wa ile baa, kila Jumapili alasiri, alikaa mama mmoja mjane akikaanga ndizi. Hakuwahi kuingia ndani. Alikuwa mtu wa sala na alisema baa ni ya wenye baa. Lakini matete hayazuii sauti. Miaka miwili alikuwa amenisikia bila kuniona, akigeuza ndizi zake. Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi la nne, upande wa wanawake.

Jumatatu, baada ya masomo, niliitwa ofisini. Padri alikuwa nyuma ya meza. Mama wa ndizi alikuwa kwenye kiti kando ya ukuta, amevaa nguo zake za kanisani siku ya kazi, na hilo peke yake lilinitia baridi.

"Mwalimu," Padri alisema, "mama huyu ameleta kizuizi."

Mama hakunitazama vibaya. Alinitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Kule baa sura yako mimi sikuona, mutoto yangu," alisema. "Sauti ninajua. Weye uko na bibi Minova. Unasema weye mwenyewe kila siku ya Mungu. Sasa utaoa namna gani bibi mwingine?"

Sasa simama hapa kidogo uitazame hali yangu, maana ndiyo kiini cha swali lako. Kama ningesema, "Mama, ule ni wimbo tu," ningekuwa nimekiri kwamba mwimbaji ni mimi, na kanuni ilikuwa nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Kama ningesema, "Si mimi," ningekuwa ninamdanganya padri katika jambo la sakramenti, mbele ya mwanamke aliyekuja kwa kumwogopa Mungu. Jina nililolivaa linilinde lilikuwa limenifungia ndani, nami sikuona mlango.

Padri akasema, "Imba ubeti wa jana."

Niliimba. Nilikaza koo, nikaitoa sauti puani kama mwenye mafua. Mama wa ndizi akatikisa kichwa polepole.

"Unaficha sauti, mutoto," alisema. "Jana haukukuwa na mafua."

Padri alikuwa mtu mkali, lakini niliona ndevu zake zikitikisika. Nilikata tamaa. Nikasema ndiyo, ninayeimba pale ni mimi, jina la kwenye ubao ni langu, na mke wa Minova nimemtunga. Hayupo.

"Iko," mama alisema.

"Mama, nimemtunga mimi."

"Iko, Padri. Nilimutumia kitenge na sabuni."

Ndipo tulipojua yaliyotokea. Mama huyu alikuwa amezaliwa upande wa Minova. Wimbo wangu ulimsumbua moyo, kwa sababu alimfikiria mwanamke wa kwao akiteseka hivyo na hakuna anayempelekea hata chumvi. Miezi michache nyuma alikuwa amemkabidhi dereva wa lori kifurushi: kitenge, mche wa sabuni, na maneno kwamba vipelekwe kwa mke wa yule mwimbaji wa Kadutu. Dereva aliuliza sokoni Minova, akaelekezwa. Mwanamke alipokea kwa mikono miwili, akatuma jibu: mwambieni bwana yangu watoto wanakua, na mvua iliharibu paa.

"Ni watoto wangapi?" Padri aliuliza.

"Wawili, Padri. Sawa mu wimbo."

Padri alifunga kitabu cha matangazo. Alisema tangazo la tatu halitasomwa mpaka mwanamke huyo aje na kunitazama. Alisema atamwandikia padri wa Minova ampe mwanamke karatasi ya safari. Niliomba niende mimi mwenyewe. Akasema karatasi yangu hataiandika, nami nikaelewa: mtu anayeshtakiwa kukimbia mke hapewi ruhusa ya kuondoka mjini.

Siku kumi zilizofuata sitazisahau. Nilitoka nyumbani kwenda darasani na kurudi, hatua mia mbili, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Jumapili sikwenda kuimba. Niliketi chumbani na madirisha yamefungwa, na upepo ulipogeuka nilisikia gitaa, halafu, mbali kidogo, wimbo wangu ukiimbwa na mtu mwingine.

Kesho yake niliivunja kamba hiyo, nikampitia mwenye baa akifagia uwanja wake. Nilimwuliza ni nani aliyeimba.

"Weye," alisema.

"Mimi sikuja."

"Jina ilikuja. Kofia ilikuja, miwani ilikuja. Batu balicheza." Aliegemea fagio. "Jina ni ya baa, muwalimu. Rangi nilinunua mimi. Kama unaondoka, beba sauti yako uende nayo, hapana shida."

Kabla ya Jumapili hiyo, siku ya tatu, mchumba wangu alikuwa amekuja, akasimama nje ya ua wangu wa miiba bila kuingia. Habari zilikuwa zimefika kwao kabla ya chakula cha jioni cha ile Jumatatu. Alikuwa na kikapu cha ushonaji mkononi, na hakukiweka chini.

"Basi," alisema, "bibi mukubwa anafika siku gani? Nijue nifagie."

"Sina bibi yeyote."

"Lakini kitenge alipokea."

"Simjui. Nakuapia."

"Tangu lini unaimba?"

"Miaka miwili."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ile wimbo tunaimba kwa masista tukishona. Mimi mwenyewe nililia juu yake. Nilikuwa naonea ule mwanaume huruma, nasema, siku moja Mungu amupatie karatasi yake." Alinitazama. "Kumbe ni weye. Unaketi mbele yangu na unasema unasahihisha madaftari."

"Nilitaka kukukinga."

"Na nini? Na wimbo?"

Aliondoka bila kusubiri jibu. Lakini alipofika kona aligeuka akasema, "Kama atasema ni weye, usije kwetu. Kama atasema si weye, kuja mbio." Maneno hayo niliyashikilia siku zote zilizobaki.

Mwanamke alifika Alhamisi, juu ya lori la viazi. Mama wa ndizi ndiye aliyempokea barabarani na kumleta kwenye uwanja wa misheni. Alikuwa na watoto wawili, wa kike na wa kiume, na alikuwa amevaa kile kitenge. Kilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuwa amekitunza kwa ajili ya siku hii.

Nataka uelewe vizuri alichokuwa amekuja kukiona. Mume wake aliondoka kwenda kufanya kazi Bukavu, na hakukuja barua wala salamu. Dereva alipomletea kifurushi na kumwambia mume wako ni mwimbaji, siku hizi anaitwa jina jingine, aliamini. Kwa nini asiamini? Mambo yote ya wimbo yalikuwa yake: barabara, lori, watoto wawili. Alidhani mume wake amebadili jina kwa sababu ya kazi, na sasa anamwita.

Padri alinisimamisha kwenye ngazi. Mwanamke alinitazama usoni, na niliona uso wake ukishuka.

"Si huyu," alisema.

Niseme kweli: moyo wangu uliruka kwa furaha, na sekunde hiyo hiyo niliona aibu ya furaha hiyo.

"Mwenye kuimba iko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Imba."

Nilimtazama Padri. Alitazama chini, kwenye viatu vyake. Basi niliimba, mchana kweupe, bila kofia wala miwani, kwenye uwanja wa misheni, wimbo wa baa. Ilikuwa mara ya kwanza kuuimba kwa uso wangu. Niliuimba wote.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wa kike. "Ni vile," alisema. "Ni vile kabisa tunangoja. Nani alikuambia mambo yangu?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona mtu barabarani."

Aliitikia kwa kichwa. Alianza kukifungua kitenge ili akirudishe, lakini mama wa ndizi alimshika mikono. "Acha," alisema. "Nilinunulia bibi mwenye kungoja. Si ni weye?"

Alikaa kwa mama wa ndizi wiki nzima akimtafuta mume wake, na baada ya masomo nilimsindikiza. Ilikuwa ni haki yake, na mchumba wangu ndiye aliyesema niende. Tulizunguka makambi ya wafanyakazi, matanuri ya matofali, gereji, bandari. Kila mahali aliulizia jina alilolijua, jina la nyumbani, na kila mahali walituuliza sisi: huyo ni nani? Hapa hatuna mtu wa jina hilo. Tuna mtu wa Minova tunayemwita hivi, lakini alihamishwa. Kulikuwa na mwingine tuliyemwita vile, mrefu, mcheshi, sijui alienda Kindu. Labda mmoja wao alikuwa ndiye. Mji mzima ulikuwa umejaa wanaume wenye majina ya pili, kila mmoja akilinda kitu chake, na mke mwenye jina la kwanza mkononi hakuweza kumfikia hata mmoja. Siku ya nane alipanda lori na watoto wake akarudi.

Tangazo la tatu lilisomwa. Padri aliniwekea karatasi mezani: niahidi kutoimba baa tena, au nirudishe funguo. Niliweka sahihi. Tulioana, tukapata watoto, na nilifundisha darasa lile lile miaka mingi, dirisha langu likitazama njia ya Cimpunda. Baada yangu watu watatu walilivaa lile jina, mmoja baada ya mwingine. Watu walisema mwimbaji yule hazeeki. Wanafunzi wangu waliuimba wimbo wangu wakati wa mapumziko, wakikosea ubeti wa pili, nami sikuweza kuwasahihisha bila kueleza nimeujulia wapi.

Mke wangu hunitania mpaka leo. Nikichelewa kurudi husema, "Ulipitia Minova?" Lakini yeye pia ndiye aliyenisaidia kuliona kosa langu. Halikuwa kuwa na jina la pili. Mtu anayesimama mbele ya watu na kusema "mimi", akiwa amebeba huzuni isiyo yake, anahitaji jina la kuibebea, na anahitaji kuweza kulivua akifika nyumbani. Hilo ndilo jibu la swali lako, na usiruhusu mtu akuambie ni majivuno. Kosa lilikuwa kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyejua ni jina gani ninalolivua, kama vile Minova hakuna aliyejua ni jina gani alilolivaa mume wa yule mwanamke.

Kwa hiyo, ukiwa umeshapata jina lako la jukwaani, na ninakutakia lipendwe, chukua karatasi. Andika juu jina hilo jipya, na chini yake jina ulilopewa na wazazi wako. Kabla hujaimba mara ya kwanza, mpe karatasi hiyo mtu anayekungoja nyumbani.